Bati

Kitabu nilichokisoma mara nyingi kuliko vyote hakijawahi kuchapishwa. Ni kaunta buku, lile la jalada gumu jeusi na mgongo mwekundu, na juu yake mtu ameandika kwa kalamu ya wino mzito: SEVA – MATUKIO. Aliyeandika ni Mzee. Jina lake analo, tena zuri, lakini ofisini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mzee hata kabla hajazeeka, kwa sababu yeye aliijua ile mashine na sisi wengine tuliiogopa. Alinikabidhi daftari hilo siku aliyostaafu, mwaka 2009, pamoja na ufunguo mmoja na bisibisi mbili.

Mzee hana maneno. Anayetaka kujifunza kuandika bila vivumishi aje nimwazime. Ukurasa wa kwanza, mwaka 2000, unasema hivi: "Imefika. Nzito. Watu wanne. Imewaka." Basi. Ukurasa wa pili: "Umeme umekatika saa 8 mchana. UPS dakika 11. Imezimika. Imewaka saa 10. Salama." Neno "salama" linarudi karibu kila siku, na pale ambapo halipo unajua siku hiyo mtu hakulala. Kuna ukurasa mmoja una tarehe tu, na chini yake mstari uliochorwa kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Nimelisoma mara nyingi kwa sababu ya woga, si kwa sababu ya mapenzi. Mashine ikileta ukorofi usiku, nafungua daftari kuangalia kama Mzee naye aliwahi kuliona jambo hilo. Mara nyingi aliliona. Lakini kulikuwa na sehemu nilizozipita miaka mitano bila kuzielewa, na sikujua kwamba sizielewi. Nilidhani naelewa. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuisimulia, na inaanzia kwenye kadi ya mtandao.

Mashine yenyewe ni Sun Enterprise 250. Kwa wasiojua: Sun ilikuwa kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1982, jina lake likitokana na herufi za mwanzo za mtandao wa Chuo Kikuu cha Stanford. Kwa miaka mingi kompyuta zake ndizo zilizotegemewa na benki, vyuo na makampuni ya simu. Mfumo wake uliitwa Solaris, wa ukoo wa Unix, na Unix yenyewe ilizaliwa kwenye maabara za Bell mwaka 1969. Mwaka 2010 Oracle waliinunua Sun na jina likaanza kufutika. Kwetu halikufutika. Chuoni kwetu (jina la chuo nalihifadhi) mashine iliendelea kuvuma kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi ya msajili, kama mashine ya kusaga iliyo mbali, na ndani yake mlikuwa na matokeo ya wanafunzi wote waliopita katika miaka yake ya kwanza. Wa baadaye waliwekwa kwenye mfumo mwingine. Wale wa zamani walibaki humo. Kila mwaka tuliandika barua ya kuomba fedha za kuwahamisha, na kila mwaka barua ilijibiwa kwa maneno mazuri.

Radi ilipiga Machi 2014, masika yakianza. Haikupitia kwenye umeme, huko kulikuwa na ulinzi. Ilipitia kwenye waya wa mtandao unaotoka jengo la uhasibu, ule tulioutandaza juu ya paa kwa sababu kuchimba mfereji kulionekana ni gharama. Iliua printa mbili, ikaua matundu matatu ya swichi, na ikaua tundu la mtandao la Sun. Mashine yenyewe haikuzimika. Niliifikia kwa waya wa siriali kutoka kwenye laptopu, nikakuta inalalamika kila baada ya muda kwa sentensi ileile: hakuna jibu kutoka mtandaoni, kiungo kimekatika, ni tatizo la waya? Na alama ya kuuliza mwishoni, kabisa. Ilikuwa hai, ina kumbukumbu zake zote, na haikuweza kusema na mtu yeyote.

Lile tundu lililokufa liliitwa hme0. Kwenye Solaris kila tundu la mtandao lina jina na namba, na majina hayo yana hadithi zake. Hme ni ufupisho wa Happy Meal, kile chakula cha watoto cha McDonald's. Wahandisi wa Sun waliamua kukitaja kifaa chao hivyo, na kabla yake walikuwa na kingine walichokiita BigMac. Nikiwa mgeni kazini nilidhani ni neno zito la kiufundi, nikaona aibu kuuliza. Mzee ndiye aliyeniambia, akiwa hacheki hata kidogo, kwamba matokeo ya mitihani ya chuo kizima yanapita kwenye chipsi kuku.

Hme0 lilikuwa limejengwa kwenye bodi kuu, kwa hiyo halibadilishwi peke yake. Njia iliyobaki ni kuchomeka kadi nyingine kwenye mojawapo ya sloti nne zilizo nyuma. Na kadi tulikuwa nayo! Nilikuwa nimeiona siku nyingi kwenye droo ya chini kabisa, chini ya makaratasi ya printa ya zamani yenye vitobo pembeni, ndani ya mfuko unaong'aa wa kuzuia umeme tuli. Kadi ndefu, ya Sun, yenye matundu manne. Jina lake la mfumo ni qfe. Niliamini ilinunuliwa kama akiba na haikuwahi kutumika. Hata nilimsifia Mzee moyoni kwa kufikiri mbele.

Nilimpigia simu kabla sijagusa kitu. Alikuwa amerudi kwao Muheza. Simu ilipokelewa na binti yake, akaniambia kwa sauti ya chini: "Yupo, ila siku hizi anasahau sana. Umvumilie."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Mashine yangu haijambo?"

Aliniuliza hali ya mashine kabla ya hali yangu, kama kawaida. Nikamweleza radi, nikamweleza hme0, nikamwambia nimeipata ile kadi ya matundu manne kwenye droo. Akanyamaza. Halafu akasema hakumbuki kadi kama hiyo. Nikamuuliza kama aliwahi kuchomeka kadi yoyote ya ziada kwenye mashine. "Hapana," akasema, na hapo sauti yake ilikuwa imara. "Kwenye mashine ile haijawahi kuingia kadi nyingine. Ningejua. Sijawahi kuifungua ila kufuta vumbi."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Daftari nalo, nilivyolisoma mimi, halikusema vingine.

Siku iliyofuata ndipo alipofika yule mama. Alikuwa mwalimu, ametoka Songea kwa basi la siku nzima, amekaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya msajili na mkoba magotini. Alihitimu kwetu mwaka 2004. Nyumba yake iliungua na vyeti viliungua humo. Sasa alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma shahada, na chuo kilichompokea kilitaka nakala ya matokeo kabla ya Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Msajili alimwambia mtandao uko chini. Mama akaja kunisalimia mimi, kwa sababu aliambiwa mtandao ni mimi.

Ningeweza kuyaona matokeo yake. Yalikuwa mle ndani, na kwa waya wa siriali ningeweza kuyachimbua na kuyaandika kwa mkono kwenye karatasi. Lakini nakala rasmi hutolewa na programu iliyo kwenye kompyuta za ofisi ya msajili, na programu hiyo lazima ifike kwenye seva kupitia mtandao. Msajili hasaini karatasi ya mkono, na nisingemlaumu. Nikamwambia mama aje kesho mchana. Akaitikia "sawa mwanangu" kwa namna ya mtu aliyeambiwa "kesho" mara nyingi.

Sasa, kuchomeka kadi ni kazi ya dakika kumi. Skrubu moja, kadi inaingia, skrubu inarudi. Kinachotisha ni kuzima. Mashine ilikuwa haijazimwa siku 611, na mashine ya umri huo usiizime ukidhani lazima itawaka tena. Disiki zilizozoea kuzunguka mfululizo zinaweza kupoa zikagoma kuanza. Na kuna jambo baya zaidi. Mashine za Sun za wakati ule zina kijichipu kimoja chenye betri yake ndani, na humo ndimo mnamohifadhiwa jina la mashine. Sisemi jina tunalolipa sisi. Nasema lile la kuzaliwa nalo: namba yake ya utambulisho, na anwani ya Ethernet inayoanza na 08:00:20, tarakimu zilizokuwa za Sun. Umeme ukiwepo, betri ile haina kazi kubwa. Umeme ukikatwa, ndiyo pekee inayokumbuka. Ikiwa imekwisha, mashine inawaka ikiwa haijui ni nani, na inakuambia hivyo kwenye skrini bila kuficha. Betri zile zilitengenezwa kudumu kama miaka kumi. Yetu ilikuwa na miaka kumi na minne.

Usiku ule nilinakili kila kitu kwenye tepu. Nikaandika anwani na namba ya utambulisho kwenye karatasi, nikaandika tena kwenye karatasi nyingine, ya pili nikaiweka mfukoni. Ukiwa na namba hizo unaweza kuirudishia mashine jina lake kwa mkono, herufi kwa herufi, kazi ya kutoa jasho lakini inawezekana. Nikaiagiza isipande yenyewe ikiwaka, inisubiri. Nikaacha alama ya kuiambia ichunguze vifaa vipya. Halafu nikaandika amri ya kuzima, na kabla ya kubonyeza nilikwenda nje kunywa maji. Sikuwa na kiu.

Kimya cha chumba kile sikuwahi kukisikia kabla. Mwanafunzi wa fildi aliyekuwa ananisaidia alinong'ona, "Dada, ni kawaida hivi?" kama tuko msibani.

Tulifungua ubavu. Ndani kulikuwa na vumbi laini la miaka, na mjusi kafiri aliyekauka vizuri kabisa karibu na feni, amejinyoosha kama mtu aliyelala mchana. Kijana alimwondoa kwa karatasi. Nilivaa ule mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli, nikageukia sloti. Zilikuwa nne, na kila iliyo tupu imezibwa kwa kibati chake cha kiwandani ili hewa ya feni isivujie nyuma. Ila moja, ya tatu ukihesabu kutoka chini, haikuwa na kibati cha kiwandani. Ilikuwa imezibwa kwa kipande kilichokatwa kwa mkono kutoka kwenye kopo. Kimekunjwa vizuri pembeni ili kisimkate mtu, kimetobolewa tundu la skrubu, na kwa upande wa ndani bado unaona maandishi ya kopo la maziwa ya unga. Nikatabasamu. Nikasema huyo ni Mzee tu, kapoteza kile cha asili akatengeneza chake. Sikutaka kukiharibu. Nikaichomeka kadi kwenye sloti ya pili, nikasukuma kwa vidole gumba vyote viwili mpaka nikasikia imekaa.

Mashine ya namna hii ina ufunguo mbele, wa kuzungusha kama wa gari. Niliuzungusha. Feni zikaanza, kwanza kwa mlio wa juu, kisha zikatulia. Halafu disiki ya kwanza. Halafu, baada ya muda ambao kijana anaapa ni sekunde tatu na mimi naapa ni dakika, disiki ya pili. Tukasubiri ijipime. Kisha skrini ikaandika salamu zake, na kwenye mstari wa Ethernet nikaona 8:0:20 na zile tarakimu nyingine zote zilizokuwa mfukoni mwangu. Nilizitoa nikazilinganisha moja moja, huku nikizijua kwa moyo.

Chini yake likatokea neno ambalo mashine za Sun hukupokea nalo kabla mfumo haujapanda: ok. Herufi ndogo, bila nukta. Nimesoma mashairi mengi yaliyonigusa chini ya neno lile.

Pale kwenye ok unaweza kuiambia mashine isikilize mtandao. Kila ujumbe mzima unaopita, inaandika nukta. Ulioharibika, inaandika X. Nilichomeka waya kwenye tundu la kwanza la kadi nikaiambia sikiliza. Hme0 halikupata kitu, kama tulivyotarajia. Ikahamia kwenye kadi. Kimya. Kisha nukta. Nukta mbili. Kisha mstari mzima wa nukta, hakuna X hata moja. Kijana akapiga makofi. Mimi nikampandisha Solaris nikiwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia mama wa Songea.

Nilikuwa nimewahi mno. Kila tundu la mtandao kwenye Solaris lina faili dogo linalobeba jina lake, na faili hilo ndilo linalouambia mfumo tundu lipi ulifungue. Kadi mpya, ya aina ambayo mashine haijawahi kuwa nayo, inaanza na sifuri: matundu manne, qfe0 mpaka qfe3. Nikabadilisha jina la faili kutoka hme0 kwenda qfe0, nikaamuru tundu lifunguliwe. Jibu: hakuna kitu kama hicho. Nikajaribu qfe1. Hakuna. Nikaangalia kama nimekosea herufi. Sikukosea. Ilikuwa saa nne asubuhi na dakika zake, na kupitia mlangoni niliona mkoba wa mama kwenye benchi. Alikuwa amewahi.

Nikaiamuru mashine ifungue matundu yote iliyonayo, yoyote, yenye jina lolote. Yakaja: qfe4, qfe5, qfe6, qfe7.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Nne mpaka saba maana yake ni kwamba sifuri mpaka tatu zina mwenyewe.

Solaris ina faili moja, path_to_inst, ambalo juu yake limewekewa onyo kwamba lina mambo nyeti ya kiini cha mfumo na lisichezewe. Mimi huliona kama rejesta ya vizazi. Kila kifaa kilichowahi kuonekana kimeandikwa humo kwa mahali kilipochomekwa, na mbele yake namba kiliyopewa. Mahali, si kifaa. Mashine haiangalii sura ya kadi wala namba yake ya kiwandani. Inaangalia imeingilia mlango gani. Na kifaa kikitolewa, hakifutwi. Namba yake inabaki imeshikwa, ikimsubiri atakayekaa pale tena. Ni rejesta ya vizazi isiyo na ya vifo.

Nililifungua. Mistari minane ya qfe. Ile ya nne mpaka saba ilitaja njia ya sloti niliyotumia mimi. Ile ya sifuri mpaka tatu ilitaja njia nyingine, na hata kabla sijamaliza kuhesabu nilijua ni ipi, kwa sababu nilikuwa naitazama. Ilikuwa imezibwa kwa kopo la maziwa.

Halafu nikachukua daftari. Sikuhitaji kutafuta sana. Mistari yenyewe niliijua tangu zamani, nilikuwa nimeipita mara hamsini. Septemba 2001: "Nne zimeingia. Ya 3. Salama." Januari 2003: "Swichi imekuja. Nne zimetoka. Bati."

Wacha niseme nilivyokuwa nimeisoma miaka yote hiyo. "Nne zimeingia" nilidhani ni tepu mpya nne. "Ya 3" nilidhani ni rafu. Na "bati", Mungu anisamehe, nilidhani ni bati la paa. Chumba kile kiliwahi kuvuja, kila mtu anajua, na Januari ni mwezi wa kutengeneza paa kabla ya masika. Nilikuwa nimejijengea habari nzima: swichi imekuja, tepu nne zimetolewa ghalani, na paa limewekwa bati jipya. Ilikuwa habari inayoingia akilini kabisa. Haikuwa na neno moja la kweli isipokuwa swichi.

Kumbe kabla ya swichi kununuliwa, ofisi nne zilikuwa zinaingia kwenye seva moja kwa moja, kila moja kwenye tundu lake: usajili, uhasibu, maktaba na taaluma. Kadi ndiyo iliyokuwa njia panda. Swichi ilipokuja, kadi haikuhitajika tena, Mzee akaitoa, akaifunga kwenye mfuko, akaizika kwenye droo, na tundu lililobaki akaliziba. Kadi niliyoiona mpya ilikuwa inarudi nyumbani baada ya miaka kumi na moja, ila mimi niliiingiza kwa mlango wa jirani, na nyumba ikaipokea kama mgeni.

Wapo watakaosema ningezima tena, nihamishe kadi kwenye sloti yake ya zamani, iwe qfe0 kama ilivyokuwa. Wapo watakaosema ningehariri lile faili. Mimi nilimtazama mama, nikatazama ile disiki ya pili, nikabadilisha jina la faili kuwa qfe4. Tundu likafunguka. Nikalipa anwani ileile ya zamani. Na hapa Sun walikuwa na busara ambayo nimeipenda tangu siku ile: kwa kawaida yao, anwani ya Ethernet inayotoka nje ni ya mashine, hata ukibadilisha kadi. Kwa hiyo kompyuta za msajili hazikujua kitu. Zilimwona yuleyule, kwa anwani ileile.

Saa sita kasoro nakala ikatoka kwenye printa. Msajili akasaini, akagonga muhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza ulififia. Mama aliisoma yote akiwa amesimama, somo kwa somo, mpaka akafika kwenye moja akasema, "Hili nilidhani nilipata B." Hakusema amepata nini. Akaikunja, kisha akaona imekunjika, akainyoosha tena kwenye mkoba kama mtu anayenyoosha kitambaa cha meza. Aliwahi basi la mchana la Dar.

Kwenye daftari niliandika kwa mtindo wa mwenye daftari: "Hme0 imekufa, radi. Nne zimeingia. Ya 2. Ni qfe4, si 0. Salama." Maneno "si 0" ni nyongeza yangu. Mzee asingeyaandika, lakini nimejua sasa kwamba kuna atakayesoma baada yangu na kujijengea paa.

Jumapili nikampigia. Nilikuwa na shida moja: nimwambie au nisimwambie? Alikuwa amesema kwa uhakika kwamba haijawahi kuingia kadi nyingine. Kumthibitishia mzee mwenye heshima zake kwamba amesahau, tena kwa ushahidi wa maandishi yake mwenyewe, nilikuwa namsaidia nani? Nikaamua nisiguse.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mashine yangu haijambo?"

"Haijambo, mzee. Ile kadi imekubali. Iko hewani."

"Umeichomeka ya ngapi?"

"Ya pili."

"Imekuja kwa jina gani?"

Nikaona nirahisishe. "Qfe0, mzee. Sifuri."

Kimya. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu anatwanga.

"Haiwezi kuwa sifuri, binti," akasema. "Sifuri ni pale penye bati."

Sikupata la kusema. Nikamuuliza, taratibu, bati gani. Akasema la kopo la maziwa. Akasema alilikata kwa mkasi wa kushonea, mama akamgombeza wiki nzima, si kwa sababu ya mkasi, ni kwa sababu kopo lilikuwa na sukari ndani na yeye akaimwaga kwenye bakuli lisilo na kifuniko, sisimizi wakaja. Alicheka. Alisimulia ofisi zote nne na waya upi ulikwenda wapi, wa uhasibu ukiwa wa buluu kwa sababu mweusi uliisha. Nikamwambia nilikosea, ni qfe4. Akasema ndiyo, nne, lazima iwe nne.

Kisha akatulia kidogo, akaniuliza kama mashine yake haijambo. Nikamwambia haijambo. Akauliza mvua huko zimeanza. Nikamwambia zimeanza, mzee, toka mwezi uliopita.